Kompresa ya presha kubwa kwa bunduki za upepo hapa Mwanza: tununue ipi, na tuitunze vipi?

Mlenga Shabaha wa Nyegezi

Habari zenu, ndugu wanajukwaa.

Sisi ni kikundi kidogo cha walenga shabaha tunaoishi Nyegezi na Buhongwa. Bunduki zetu ni za upepo, za aina ile ambayo chemba yake hujazwa hewa kwanza ndipo ufyatue. Mbili hujazwa hadi bar 200 na moja hadi bar 250 (bar ni kipimo cha presha; bar 1 ni karibu sawa na presha ya anga). Vibali vyetu viko sawa, kwa hiyo naomba mjadala ubaki kwenye suala la hewa. Mpaka sasa tunategemea pampu ya mkono, na kila aliyewahi kuitumia anajua kwamba presha ikishapita bar 150 kila msukumo unakuwa kazi nzito, na pampu yenyewe hupata moto kiasi kwamba lazima uipumzishe kabla ya kumaliza bunduki moja. Tumechanga fedha za kununua kompresa, lakini hatujakubaliana tununue ya aina gani.

Wenzangu wawili wanataka ile ndogo ya volti 12 inayofungwa kwenye betri ya gari, kwa sababu mazoezi yetu tunafanyia shambani kwa mwenzetu upande wa Usagara, ambako umeme haujafika. Mimi naelekea kwenye ile ya volti 220 yenye silinda mbili na kupozwa kwa maji, ambayo ingebaki nyumbani ikijaza mtungi wa lita 6.8, halafu mtungi ndio uende shambani. Kinachonitia wasiwasi ni unyevu wa hewa ya huku kwetu kandokando ya ziwa, maana nimesikia kwamba maji yakiingia ndani ya bunduki huila polepole bila mwenyewe kujua.

Zaidi ya hayo, jirani yetu mwenye karakana ya kuchomelea ametuambia kwamba hatuhitaji kompresa yoyote, kwa kuwa mtungi wake wa oksijeni unaweza kujaza bunduki zetu zote kwa bei ndogo. Je, ushauri huo ni salama? Natanguliza shukrani.

Fundi Mitungi, Igoma

Nianze na hilo la mwisho, ndugu yangu, kwa sababu hilo linaweza kuua mtu. Msijaze oksijeni kwenye bunduki ya upepo, hata mara moja, hata kwa majaribio, na hata kama kuna mtu atakayewaambia kwamba yeye amewahi kujaza na hakudhurika. Ndani ya bunduki kuna grisi, kuna oringi za mpira, na mara nyingi kuna mabaki ya oili. Gesi yoyote inapoingia kwa kasi katika nafasi ndogo hujishindilia na kupata joto kali. Ikiwa ni hewa ya kawaida joto hilo kwa kawaida hupita bila madhara, lakini ikiwa ni oksijeni tupu yenye presha kubwa, grisi kidogo tu inatosha kuwaka, na baada ya grisi kuwaka huwaka mpira, kisha hata alumini ya chemba yenyewe. Chemba hiyo iko sentimita chache kutoka usoni kwa mlengaji. Mshukuruni jirani yenu kwa nia yake njema, na mwelezeni sababu ya kukataa, ili naye asimpe mtu mwingine ushauri huo.

Sasa tuje kwenye maji, ambayo kwa maoni yangu ndiyo yanayopaswa kuamua mnunue nini, kuliko hata jina la kiwanda. Hewa yenye joto la nyuzi 27 na unyevu wa asilimia 70, hali ya kawaida kabisa huku kwetu, hubeba takriban gramu 18 za maji katika kila mita moja ya ujazo. Kujaza mtungi wa lita 6.8 kuanzia sifuri hadi bar 300 kunahitaji karibu mita 2 za ujazo za hewa ya nje, maana yake ni kwamba kompresa itakuwa imemeza gramu 36 hivi za maji, zaidi ya vijiko viwili vya chakula, kwa mtungi mmoja tu. Maji hayo hayapotei. Ama utayatoa kwa vali ya kumwagia iliyoko kwenye kompresa, ama yatakwenda kwenye chujio, ama yataishia ndani ya mtungi na baadaye ndani ya bunduki, ambako hutia kutu springi za regyuleta (kifaa cha kudhibiti presha), huchimba alumini, na yakichanganyika na oili hufanya uji mweupe unaoganda kwenye vali.

Watu wengi hudhani kwamba dawa ni kununua chujio kubwa lenye silika geli nyingi, yaani zile chembe za kunyonya unyevu. Chujio ni muhimu, lakini kazi kubwa hufanywa na mambo mawili yanayotangulia: hewa ipoe kabla haijafika kwenye chujio, na presha ndani ya chujio iwe kubwa tangu mwanzo. Hewa ikiwa imeshindiliwa hadi bar 300 na kupoa hadi nyuzi 30, mvuke unaoweza kubaki ndani yake ni kidogo mno. Katika mtungi wa lita 6.8 haufiki hata nusu gramu. Mengine yote yatakuwa yamegeuka matone ambayo mnaweza kuyamwaga. Lakini hewa ikiwa bado ya moto, au presha ikiwa bado bar 50 kwa sababu mtungi ulianza ukiwa mtupu, mvuke mwingi hupita kwenye chujio ukiwa gesi, na silika geli huzidiwa mapema. Ndiyo maana nashauri mweke bomba refu la shaba au chuma cha pua, la presha inayostahili, lililokunjwa mizunguko kadhaa ndani ya ndoo ya maji, kati ya kompresa na kitenganishi cha maji. Na baada ya chujio muweke vali ya kushikilia presha, ambayo hairuhusu hewa kutoka kwenda mtungini mpaka presha nyuma yake ifike bar 150 au zaidi. Vali hiyo wauzaji wengi hawaitaji kabisa, nami naiona kuwa na thamani kuliko nyongeza nyingine zote.

Wengine hupendekeza kujaza asubuhi na mapema kwa kudhani hewa huwa kavu zaidi. Asubuhi yenye nyuzi 22 na unyevu wa asilimia 90 ina maji karibu sawa na mchana wenye nyuzi 29 na asilimia 60, kwa hiyo tofauti ni ndogo. Faida ya asubuhi ni kwamba mashine hupoa vizuri zaidi, na hiyo nayo ni sababu nzuri ya kutosha.

Mhandisi wa Ilemela

Nakubaliana na Fundi juu ya maji, nami nitaongeza juu ya joto na hesabu ya hewa, ili uamuzi wenu usitokane na bei peke yake.

Kompresa yenye hatua mbili, yaani inayoshindilia hewa katika silinda moja kisha ya pili, kama hiyo ya silinda mbili unayoitaja, huipandisha hewa kutoka presha ya anga hadi bar 300 kwa miruko miwili, kila mmoja ukizidisha presha kama mara 17. Kwa hesabu, mruko wa namna hiyo usipopozwa huifikisha hewa karibu nyuzi 400. Mashine zenye hatua tatu au nne, kama zile zinazotengenezwa na Bauer ya Ujerumani au Coltri ya Italia kwa ajili ya wapiga mbizi na zimamoto, hugawa kazi hiyo katika miruko midogo na kuipoza hewa katikati, hivyo katika kila mruko wa mashine ya hatua nne joto hubaki chini ya nyuzi 200. Hapo ndipo ilipo tofauti ya bei, na pia tofauti ya umri wa ringi za pistoni. Sisemi kwamba mnunue mashine ya wapiga mbizi, kwa kuwa kwa bunduki tatu hilo ni jambo la kupita kiasi. Ninachosema ni kwamba mashine ya hatua mbili huishi kwa kupozwa. Hivyo itumieni kwa vipindi vifupi, na angalieni kipimajoto cha kichwa chake kuliko mnavyoangalia saa.

Mtungi ndio unaowezesha vipindi hivyo vifupi. Tuseme chemba ya bunduki ina ujazo wa sentimita za ujazo 300 na mnaijaza kutoka bar 130 hadi 200: kila mjazo unachukua lita 21 za hewa ya kawaida. Mtungi wa lita 6.8 uliojaa bar 300 una takriban lita 680 za kutumia kabla haujashuka chini ya bar 200, yaani mijazo kama 30. Mkirudi nyumbani mnaupandisha kutoka 200 hadi 300 tu. Kama mashine inatoa lita 40 kwa dakika, hiyo ni kazi ya dakika 17. Kwa kuwa uso wa ziwa uko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, hewa yetu ni nyepesi kwa takriban asilimia 12 kuliko ya pwani, hivyo ongezeni dakika mbili au tatu, na msishangae mashine ikichukua muda mrefu kuliko ulioandikwa kwenye karatasi yake. Mtungi wa chuma wa mpiga mbizi wa lita 12 na bar 232 ni nafuu na unavumilia kugongwa, lakini una lita 380 tu juu ya bar 200, na kwa bunduki yenu ya bar 250 hausaidii kuijaza hadi mwisho.

Kuhusu umeme, hakikisheni bati la mota limeandikwa volti 220 hadi 240 na hezi 50, kwa sababu huagizwa pia mashine zilizotengenezwa kwa umeme wa Marekani wa hezi 60, na mota ya namna hiyo kwenye umeme wetu huzunguka polepole zaidi na kupata moto. Mota ya kilowati 1.8 hutumia kama ampea 8 ikiwa kazini, lakini wakati wa kuwaka huvuta mara kadhaa ya hizo. Tumieni waya mfupi wa milimita za mraba 2.5, na washeni mashine vali za kumwagia zikiwa wazi ili ianze bila mzigo. Jenereta ndogo ya dukani inaweza kuendesha taa na friji ikashindwa kabisa kuiwasha.

Mzee wa Musoma

Vijana wangu, nimesoma yote na nayaheshimu, ila naona mmeiacha ile ndogo ya volti 12 bila kuitetea. Mtu mwenye bunduki moja yenye chemba ndogo, anayefyatua risasi chache Jumamosi jioni, hahitaji mtungi wala ndoo za maji. Kompresa ndogo hunyonya ampea 20 au zaidi, kwa hiyo ifungwe moja kwa moja kwenye betri na injini ya gari ikiwa inanguruma, wala isichomekwe kwenye tundu la kiberiti cha gari. Ifanye kazi dakika chache, ipumzike mpaka ishikike kwa mkono, ndipo iendelee. Nyingi ya mashine hizi hazina oili ya kumimina. Pistoni yake husuguana na ringi laini ambazo ni za kubadilishwa, hivyo nunueni ringi na oringi za akiba siku ileile mnayonunua mashine, kwa kuwa kuziagiza baadaye mkiwa huku kanda ya ziwa ni kusubiri kwa muda mrefu. Lakini kwa kikundi chenye bunduki tatu siwezi kuwashauri, maana mtaiua kwa kazi isiyo yake. Na kosa lake kubwa ni kwamba chujio lake ni dogo mno kwa unyevu wa huku kwetu.

Kuna njia nyingine ambayo hakuna aliyeitaja, nayo ni naitrojeni. Hewa tunayovuta ni naitrojeni kwa asilimia 78, na bunduki haioni tofauti. Naitrojeni ya viwandani ni kavu, haiwashi kitu, na mafundi wa majokofu huitumia kila siku kupima mabomba. Mitungi yake mara nyingi hujazwa kati ya bar 150 na 200, kwa hiyo haitaifikisha bunduki ya bar 250 mwisho wake, na itaacha zile za bar 200 zikipungukiwa kidogo kila mtungi unaposhuka. Hata hivyo inafaa kwa mtu anayekubali risasi chache zaidi kwa kila mjazo. Lazima itumike na regyuleta ya naitrojeni na mpira wa presha inayostahili, na ijazwe mahali penye hewa ya kutosha, kwa kuwa ikijaa chumbani huondoa oksijeni bila harufu yoyote ya kumtahadharisha mtu.

Mlenga Shabaha wa Nyegezi

Mzee wa Musoma, shikamoo, na ahsante sana. Fundi na Mhandisi, nawashukuru pia kwa hesabu mlizotupigia, ambazo nimewasomea wenzangu, nao wamekubali tununue ile kubwa pamoja na mtungi wa nyuzi za kaboni. Jirani amekwisha kuelezwa kuhusu oksijeni.

Yamebaki maswali mawili matatu. Muuzaji anasema oili ya injini ya pikipiki inatosha. Je, ni kweli? Pili, mwenzetu anakaa karibu na ufuo na angependa kupozea mashine kwa maji ya ziwani, tena kwa barafu ile wanayohifadhia samaki. Tatu, kuna kijana anayezamia kutafuta nyavu zilizozama ambaye amesikia habari za mashine yetu na ameomba tumjazie mtungi wake wa kupumulia.

Fundi Mitungi, Igoma

Hilo la kijana mkatalieni kwa upole lakini msilegee. Hewa ya kupumua hupimwa kwa masharti tofauti kabisa na hewa ya bunduki. Katika mashine ya hatua mbili inayopata moto, oili inaweza kuungua na kutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na mkaa wa kawaida wa kwenye chujio hauizuii. Kiasi ambacho juu ya maji kingempa mtu maumivu ya kichwa kinaweza kumzimisha akiwa chini, kwa kuwa presha ya kina huongeza nguvu ya kila gesi anayovuta. Akajaziwe kwenye mashine ya wapiga mbizi.

Oili ya pikipiki msiitie. Ndani ya silinda ya presha kubwa hewa ya moto ikikutana na mvuke wa oili inayoungua kwa joto dogo, oili hulipuka jinsi dizeli inavyolipuka katika injini, na mara nyingi dalili ya kwanza huwa harufu ya kuungua na masizi meusi kwenye vali. Tumieni oili sanisi iliyotengenezwa kwa ajili ya kompresa za presha kubwa, ijazwe hadi katikati ya kioo cha kipimo bila kuzidi. Oili ya kwanza iliyokuja na mashine imwageni baada ya saa chache za mwanzo, kwa sababu hubeba unga wa chuma wa mashine mpya; baada ya hapo ibadilisheni kwa ratiba ya kitabu, au mapema zaidi ikigeuka nyeupe kama maziwa, kwani weupe huo ni maji.

Maji ya ziwani yana mwani na tope, na mirija ndani ya kichwa cha mashine ni myembamba. Tumieni maji safi yaliyochanganywa na kulanti ya gari ili kuzuia kutu. Barafu haina ubaya ikiwa kwenye mfuko uliofungwa, hasa ile ya samaki yenye chumvi na magamba, lakini kikubwa ni wingi wa maji. Mota ya kilowati 1.8 ikifanya kazi kwa dakika 20, na tukichukulia kwamba joto lake lote linaingia kwenye maji, ndoo ya lita 20 itapanda kwa nyuzi kama 26, ilhali pipa la lita 60 litapanda kwa nyuzi 9 tu. Nunueni pipa. Kabla ya kuwasha, hakikisheni maji yanarudi kwenye mrija wa kutokea, kwa sababu pampu ndogo ya maji ikiziba, mashine haitawaambia mpaka kichwa kimeshaungua.

Matunzo mengine ni haya. Toeni maji kwa vali za kumwagia kila baada ya dakika tano wakati mashine inafanya kazi, polepole, mkielekeza mdomo wa vali mbali na watu. Chujio la kuvutia hewa liwe mbali na vumbi na moshi wa jiko, na nyakati zile wadudu wa ziwani wanapotanda kwenye taa jioni, msiwashe mashine kabisa nje. Silika geli yenye rangi ikigeuka kutoka bluu kuwa waridi, ikausheni kwenye oveni kwa nyuzi 120 hivi hadi rangi irudi, na hifadhini katika chupa isiyopitisha hewa. Oringi zipakwe grisi ya silikoni, kidogo sana. Mpira wa presha uwe mpya na wenye kiwango kilichoandikwa. Msikubali mpira wa haidroliki uliotoka kwenye tingatinga, kwani una mafuta ndani.

Kisahani cha usalama, kile kinachopasuka presha ikizidi, hubadilishwa kwa kisahani cha kiwango kilekile tu. Wapo watu ambao kikipasuka hukata kipande cha bati wakakiweka badala yake, nao kwa kufanya hivyo huifanya silinda yenyewe iwe ndiyo itakayopasuka safari inayofuata. Kikipasuka, tafuteni kwanza sababu: geji mbovu, swichi ya kuzimia iliyokwama, au vali ya mtungi iliyosahauliwa kufunguliwa.

Mtungi wa nyuzi za kaboni una tarehe ya kutengenezwa kwenye lebo yake. Mingi hutakiwa kupimwa kwa maji ya presha kila baada ya miaka 5, na iliyo mingi huishia miaka 15. Msinunue uliotumika ambao lebo imefutika, haidhuru muuzaji aape vipi. Jazeni taratibu, usipate moto, na usibaki mtupu kabisa, kwa kuwa mtungi mtupu huingiza hewa ya nje yenye unyevu.

Mkimaliza kazi ya siku, fungeni mtungi, fungueni vali za kumwagia, kisha acheni mashine izunguke bila mzigo kwa dakika mbili ili ipulize maji yaliyobaki, na pampu ya maji iendelee kwa dakika nyingine kumi baada ya mota kuzimwa. Kama itakaa zaidi ya wiki bila kutumika, izungusheni kidogo kila wiki, kwa unyevu wa hapa silinda hushika kutu upesi kuliko mnavyodhani.